Wasomaji Wauliza: Mbwa Wetu Mdogo Ameanza Kukimbiza Kuku

Barua nyingi za safari hii zinahusu mbwa na kuku, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, maana shida ya dada huyu ndiyo chimbuko la nyingine zote.

*Shikamoo mama. Tuna mbwa dume wa miezi mitano, tulimchukua akiwa mdogo ili aje kulinda shamba. Mwanzoni alikuwa akilala juani na kuku wakidonoa kando yake. Sasa amebadilika. Kuku akikimbia tu, naye yuko nyuma yake. Juzi alimkamata tetea mmoja, akamng'oa manyoya ya mgongoni na kumtoboa karibu na bawa. Tetea yuko hai ila hatagi wala hataki kutoka bandani. Nilimchapa mbwa, akajikunyata, lakini jioni akarudia. Jirani ananiambia nimfunge kuku aliyekufa shingoni mpaka aoze, ndipo atawachukia. Mume wangu anasema mbwa akishaonja damu ya kuku hafai tena, tumtoe. Watoto wanampenda sana. Nisaidie.*

Marahaba, mwanangu. Kwanza mwombe mume wako asifanye haraka. Mbwa wa miezi mitano aliyemng'oa kuku manyoya bado anafundishika, na hayo maneno ya kuonja damu yasiwatishe. Mbwa hula nyama maisha yake yote na hageuki muuaji kwa sababu hiyo. Alichokionja mbwa wenu, na ndicho kinachonitia wasiwasi, ni mbio. Kumfukuza kiumbe anayepiga kelele na kupigapiga mabawa ni raha kubwa kwa mbwa, hata asipoambulia nyama. Kila anapofukuza analipwa papo hapo. Ukifika na fimbo baada ya hapo umechelewa, malipo yake ameshayapokea.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kuanzia leo, ni kuhakikisha hapati nafasi nyingine ya kukimbiza. Saa ambazo huwezi kumtazama, awe ndani ya uzio wake au kuku wawe ndani ya wao. Saa ambazo yuko nje pamoja na kuku, awe na kamba na kamba iwe mkononi mwako. Watu wengi huona hii ni kazi ya kuchosha, wakaruka moja kwa moja kwenye mafunzo. Wanamfundisha asubuhi dakika chache, kisha mchana kutwa mbwa anajifundisha mwenyewe kinyume chake. Mafunzo ya namna hiyo hayafiki popote.

Huenda unajiuliza kwa nini amebadilika. Mbwa ni mwindaji, na uwindaji wake una hatua: huona, hukaza macho, hunyatia, hukimbiza, hukamata kwa meno, huua, kisha hula. Hatua hizo haziji zote siku moja. Kijibwa mdogo huona kuku na hana la kufanya. Miguu inapopata nguvu na akili ya ujana kuanza kuchemka, hatua moja baada ya nyingine huamka. Tena huu ndio umri wa kubadili meno, kati ya miezi minne na sita hivi, mdomo unamuwasha na anatafuna kila anachokutana nacho. Mbwa wenu hajawa mbaya. Amekua.

Aina ya mbwa nayo ina neno. Binadamu amewachagua mbwa kwa vizazi vingi akikuza baadhi ya hatua hizo na kupunguza nyingine. Mbwa wa kuchunga kondoo, kama Border Collie, amekuzwa kukaza macho, kunyatia na kukimbiza, lakini kuuma kumepunguzwa. Terrier wengi walikuzwa kwa ajili ya kuua panya na wanyama wa mashimoni, wao hufika mwisho haraka sana. Mbwa wa kulinda mifugo, kama Maremma na Kangal, hamu yao ya kufukuza ni ndogo. Mbwa wenu, kama walivyo wengi, huenda ana damu ya kila upande. Mtazame vizuri ujue hatua ipi inamshika zaidi, kwa sababu hapo ndipo utakapofanyia kazi.

Ushauri wa jirani uache. Mbwa aliyefungwa kuku aliyekufa shingoni hawezi kuunganisha uozo ule na kosa la juzi. Anachokipata ni mateso, nzi, na hatari ya kuugua, na kuna mbwa ambao humtafuna tu kuku huyo. Fimbo nayo umeona matokeo yake mwenyewe. Kujikunyata kwake si toba. Anaogopa sauti yako na uso wako. Mbwa anayepigwa kwa ajili ya kuku hujifunza kwamba ukiwapo kuku hawagusiki, na akiwa peke yake hana kizuizi. Wengine huanza kumwona kuku kama ndiye anayeleta maumivu, wakamchukia kweli. Kola za umeme, ile mikanda ya shingoni inayompiga mbwa shoti, zina hatari hiyohiyo, ndiyo maana sipendekezi, hata kama zinauzwa kwa maneno matamu.

Kabla sijafika kwenye mafunzo, nizungumzie yule tetea, maana yeye ndiye mgonjwa. Mtenge na wenzake leo hii, kuku wakiona damu humdonoa aliyejeruhiwa mpaka wamuue. Muweke mahali penye giza kidogo, pakavu na penye joto, maji yawe karibu na kichwa chake. Osha tundu la jino kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Jeraha la jino la mbwa hudanganya: juu ni tundu dogo, chini limeingia ndani na limebeba vijidudu vya mdomoni. Likivimba, likitoa harufu, au tetea akiacha kula na kunywa, mwite daktari wa mifugo. Kutotaga kusikushangaze. Kuku aliyeshtuka husimama kutaga, na mara nyingi hurudi akishapona na kutulia.

Sasa mbwa. Anza mbali na kuku kabisa. Mfundishe mambo matatu mahali ambapo hakuna wa kumvuruga: kukutazama anapoitwa jina lake, kuja ukisema "njoo", na kuachana na kitu ukisema "acha". Tumia vipande vidogo vya nyama, vidogo kama punje ya hindi, na mpe mara tu anapofanya sawa. Ndani ya sekunde moja hivi. Ukikawia atadhani umemlipa kwa jambo alilofanya baadaye, pengine kukurukia mguuni.

Akishayajua hayo bila kusitasita, mpeleke waliko kuku, wao wakiwa ndani ya uzio na yeye akiwa kwenye kamba. Simama mbali. Mbali kiasi gani, kila mbwa ana kipimo chake, na kipimo ni hiki: anawaona kuku lakini bado anaweza kupokea kipande cha nyama mkononi mwako. Akikataa nyama, au akiinyakua huku macho hayabanduki kwa kuku, umemsogeza mno. Rudi nyuma. Hapo ndipo wenye haraka hukosea, wanataka siku ya kwanza mbwa akae katikati ya kuku.

Ukiwa hapo, subiri. Usimvute kamba, usimpigie kelele. Atawatazama kuku, kisha wakati fulani atageuza kichwa, hata kidogo, hata kwa kunusa ardhi tu. Msifu wakati huohuo na umpe nyama yake. Unachokinunua ni kule kugeuza kichwa. Nilikuwa na mbwa jike mwenye sikio lililochanika, tukimwita Nyota. Alikuja kwangu akitetemeka kwa hamu kila jogoo alipowika. Baada ya kufanya zoezi hili kwa muda, ukimfungulia asubuhi alikuwa akiwaona kuku, anageuza uso kando kwa makusudi, kisha ananitafuta mimi nilipo. Hakuna aliyemwamuru. Ilikuwa desturi yake mpaka uzeeni, na nilimlipa kwa hiyo mpaka uzeeni, kama si kwa nyama basi kwa mkono kifuani.

Jifunze kumsoma kabla hajaruka. Mbwa anayehema mdomo wazi, mwili laini, mkia ukipepea bila mpango, huyo yuko salama. Mdomo ukifungwa ghafla, masikio yakaenda mbele, mwili ukaganda na mguu mmoja wa mbele ukainuka, ameshaingia kwenye kunyatia na una nusu ya pumzi kumwita. Mwite wakati ule, kwa sauti ya kawaida, na akigeuka mlipe vizuri kuliko kawaida. Ukingoja mpaka ameruka, jina lake halisikiki tena masikioni mwake.

Fanya dakika tano tu, mara kadhaa kwa siku, na umchezeshe kwanza apunguze moto. Mbwa aliyefungiwa usiku kucha ukamtoa moja kwa moja kwa kuku, umemtwisha mzigo asiouweza. Usitumie mchezo wa kurusha vitu akimbizane navyo kabla ya zoezi, unamwasha hamu ileile unayotaka kuituliza. Mtembeze, mpe kitu cha kutafuna, mwache anuse majani.

Ugumu uongeze polepole, na uongeze jambo moja kwa wakati. Kuku waliojilaza vumbini ni rahisi. Kuku wanaotembea wakidonoa ni wagumu kidogo. Kuku wanaokimbia ni mtihani mwingine kabisa, kwa sababu jicho la mbwa hushikwa na mwendo kuliko umbo. Ninaopenda ni mtihani wa punje: wewe umemshika mbwa mbali, mtu mwingine anawarushia kuku chakula, nao wanakuja mbio kutoka kila pembe mabawa yamefunguka. Mbwa akiweza kulala chini akitazama vurugu hiyo, umefika mbali. Kama hawezi, ongeza umbali siku inayofuata.

Baadaye kuku waachie nje, mbwa awe kwenye kamba ndefu ya mita tano mpaka kumi. Kwanza iwe mkononi, kisha iburute chini wewe ukiwa hatua chache tu. Kamba hiyo isiwe na kitanzi mwishoni, kikinasa kwenye kisiki mbwa ataumia, na usimwache nayo peke yake hata dakika moja. Mbwa anapopita katikati ya kuku bila habari nao, zungumza naye kwa upole. Watu humsema mbwa anapokosea na kunyamaza anapotulia, naye anabaki hajui ni lipi mlilolitaka.

Kuna jogoo wakali wanaomvamia mbwa. Msimfanye jogoo mwalimu. Mbwa mwenye hofu hujeruhiwa jicho, na mwenye kiburi hujibu kwa meno. Watoto nao waambieni wasikimbize kuku mbele ya mbwa. Akiona watoto wa nyumbani wakifukuza, naye anaingia mchezoni.

Kuna swali ambalo hukuniuliza: lini utamwacha peke yake na kuku? Kwa mbwa wa miezi mitano, si mwaka huu. Mbwa wengi hupita ujana mgumu kati ya miezi sita na mwaka mmoja na nusu, na mafunzo yaliyokuwa yamekaa huonekana kama yamesahauliwa. Yatarudi ukiendelea. Mimi sihesabu mbwa kuwa wa kuaminika kabla hajakaribia miaka miwili, na hata hapo namwacha kwanza huku nikimchungulia dirishani asipojua. Vifaranga wakianguliwa, anza upya kana kwamba hajawahi kuona kuku. Kwa mbwa, kile kinachokimbia kikilia "piyo piyo" si yule tetea aliyemzoea.

*Shikamoo. Mimi ni kijana, nataka kununua mbwa wa kulinda kuku dhidi ya wanyama wakali. Nimesikia ukimlea na vifaranga tangu mdogo atawaona ndugu zake. Ni kweli?*

Marahaba, kijana wangu. Ni kweli nusu. Kijibwa ana dirisha la wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili au kumi na nne hivi ambapo anachokizoea kinakaa moyoni mwake. Akiwa karibu na kuku katika wiki hizo, akawasikia, akawanusa, ni msingi mzuri sana. Lakini msingi huo hauzuii mchezo, na kuku wengi huuawa na mbwa aliyekuwa anacheza. Kondoo anaweza kustahimili kurukiwa na kijibwa. Kuku hawezi.

Ipo mifano ya kutia moyo. Huko Warrnambool, Australia, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Middle Island ambako pengwini wadogo walikuwa wakiuawa na mbweha waliovuka maji yalipokupwa. Kufikia mwaka 2005 walikuwa wamebaki chini ya 10. Mwaka 2006 wakapelekwa mbwa wa Maremma kuwalinda, na pengwini wakaongezeka tena. Wazo hilo lilitoka kwa mfugaji wa kuku aliyekuwa akiwatumia mbwa hao kulinda kuku wake. Namibia nako, tangu mwaka 1994, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa Anatolian Shepherd na Kangal wa kulinda mbuzi na kondoo, ili duma wasishambulie mifugo na wafugaji wasiwaue duma.

Angalia kilichofanya kazi huko: aina ya mbwa iliyochaguliwa, malezi ya mapema pamoja na mifugo, na watu waliowasimamia mbwa hao wakiwa wachanga. Ukichukua mbwa wa kwanza utakayempata ukamtupa bandani na vifaranga ukitegemea mapenzi, utaamka na maiti. Kama unaweza, chukua mtoto wa mbwa ambaye wazazi wake wanaishi na kuku, uende ukawaone kwa macho yako wakiwa kazini. Yeye mwenyewe mpe mafunzo niliyomweleza dada hapo juu. Usiku, kuku walale ndani na mlango ufungwe hata ukiwa na mbwa bora.

*Mama, mbwa wangu hagusi kuku, ila anakula mayai na kuiba chakula chao. Nimwache?*

Usimwache, na kinachonisumbua zaidi ni hicho chakula. Baadhi ya vyakula vya kuku huchanganywa na dawa za kuzuia koksidia, ugonjwa wa matumbo ya kuku, na zipo za aina kama monensin na salinomycin ambazo ni sumu kwa mbwa zikizidi. Huharibu misuli, mbwa huanza kulegea miguu ya nyuma, na anaweza kufa. Soma maandishi ya mfuko, weka akiba kwenye pipa lenye kifuniko kinachobana, na vyombo vya kulishia viwe mahali mbwa hafiki. Akishakula kingi na ukamwona analegea, usingoje asubuhi, mpeleke kwa daktari pamoja na karatasi ya mfuko.

Mayai okota mapema na mara nyingi, sehemu ya kutagia iwe na mlango mwembamba unaompitisha kuku tu. Mayai yenye pilipili ndani, wanayoshauri wengi, sijaona yakimzuia mbwa mwenye nia. Na asizoee kula kinyesi cha kuku, kina salmonela, vijidudu vya kuharisha, na mbwa anaweza kuileta ndani kwa watoto bila yeye mwenyewe kuugua.

*Nina mbwa wa miaka sita, ameua kuku wengi kwa miaka. Anaweza kubadilika?*

Kaka yangu, nakuonea huruma wewe na yeye. Unaweza kumfundisha kutulia ukiwa naye kwenye kamba, na inafaa ufanye hivyo, maisha yenu yatakuwa mepesi. Kumwacha huru na kuku bila mtu, sikushauri kamwe. Miaka mingi ya kulipwa kwa kuua haifutiki. Huyo jibu lake ni uzio.

Ujenge wenye kimo cha mita moja na nusu au zaidi. Tumia waya imara wa matundu madogo. Ule mwembamba wa kuku huzuia kuku wasitoke lakini mbwa mkubwa huupasua kwa meno. Chini ufukie kama sentimita 30, au uulaze juu ya ardhi kuelekea nje kwa upana wa sentimita 60 na uubane kwa mawe, kwa sababu mbwa huchimba pale ukuta unapokutana na ardhi na hafikirii kurudi nyuma hatua mbili. Lango liwe na komeo la kusukuma kwa mkono, lisilofunguka kwa kuegemewa. Ukiweza, weka milango miwili yenye nafasi katikati, ufunge wa kwanza kabla ya kufungua wa pili, na uwaambie wote wa nyumbani wafanye hivyohivyo, wageni pia.